MWIZI WA KAROTI: Kukinga mboga dhidi ya fuko na panya bila sumu

Mwaka jana niliandika shairi katika kurasa hizi, na wengi wenu mkalicheka kwa sababu ya vina vyake. Sikukasirika. Mwaka huu mlezi wa chama amenitaka nilete makala ya mafunzo, yaani kitu ambacho mtu anaweza kukitumia nyumbani wakati wa likizo. Nimefikiri sana. Jambo ninalolijua vizuri, na ambalo nilijifunza kwa machozi, ni habari ya panya. Ama tuseme, nilidhani ni panya.

Nyanya yangu, mzaa mama (nasema nyanya mtu, si ile ya kukaanga na vitunguu), anaishi Njoro katika Kaunti ya Nakuru. Nyuma ya nyumba yake pana bustani ya robo ekari. Humo mna karoti, viazi, sukumawiki, minji na kabeji kidogo. Tafadhali msiidharau robo ekari hiyo. Karoti zake ndizo zilizolipa salio la karo yangu nilipokuwa kidato cha pili, wakati nilipotumwa nyumbani mara tatu katika muhula mmoja. Kwa hivyo nilipofika huko likizo ya Agosti na kumkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni, nilijua mambo si mazuri.

"Mume wangu," akaniambia (huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la marehemu babu, ndiyo desturi yetu Wagikuyu), "karoti zetu zinamezwa na ardhi."

Nikadhani ni mzaha wa wazee. Nikaenda kujionea. Mistari miwili mizima ilikuwa imenyauka, na nilipovuta majani yakaja yenyewe bila karoti. Pale palipokuwa na karoti palikuwa na shimo tupu. Kwenye kitalu cha sukumawiki nako, miche kadhaa ilikuwa imekatwakatwa. Nikasimama kama mtaalamu, mikono kiunoni, nikasema, "Nyanya, hawa ni panya tu. Niachie mimi."

Siku ya soko ilipofika nikamwendea yule mchuuzi wa kipaza sauti. Nyote mnamfahamu, kila soko lina wake: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni! Nikanunua pakiti mbili za unga mweusi. Pakiti zenyewe hazikuwa na jina la dawa, wala maelezo, wala onyo lolote. Jioni nikachanganya unga huo na omena, mwingine nikaupaka juu ya nyanya zilizokatwa nusu (sasa nasema nyanya za kukaanga), nikavitega katikati ya mboga. Sikumwambia mtu. Nilitaka waamke asubuhi waone kazi ya msomi.

Waliiona. Paka wa Nyanya, aliyekuwa amekaa naye miaka sita, alikuwa amelala chini ya ghala, amekauka kama ukuni. Tukiwa bado tunamtazama, mtoto wa mjomba wangu, ambaye alikuwa na umri wa miaka miwili, akatokea kwenye mistari ya karoti akitabasamu, mkononi ameshika nusu ya nyanya. Nyanya hutembea kwa mkongojo. Asubuhi hiyo sikuuona mkongojo. Nilimwona tu amekwisha kufika, amempiga mtoto mkono, nyanya imeruka kule, na vidole vyake viko ndani ya kinywa cha mtoto vikitafuta. Tulimwosha mikono na uso, tukambeba mbio mpaka zahanati, na huko wakakaa naye mpaka jioni wakimchunguza. Alhamdulillahi, ama kama tunavyosema sisi, Mungu ni mkubwa: hakuwa ameuma wala kulamba. 

Nyanya hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinyamaza siku mbili. Nilizika paka, nikaokota kila omena na kila kipande cha nyanya, nikakizika ndani kabisa ya shimo mbali na kisima. Na siku ya tatu, wasomaji wangu, mstari mwingine wa karoti ukanyauka.

Hapo ndipo Nyanya alipomwita mzee mmoja jirani ambaye tangu ujana wake kazi yake ni kutega. Akaja na mfuko wa gunia, akazunguka bustani polepole bila kusema neno. Mwishowe akaniuliza, "Kijana, nani alikuambia hawa ni panya?"

"Nilikisia, Babu."

"Umemtilia sumu mtu ambaye hayuko. Mwizi wako hali omena. Mwizi wako hajawahi kuiona hiyo omena."

Kumbe mwizi wa karoti alikuwa fuko! Mimi nilitega juu ya ardhi, naye alikula akiwa chini ya ardhi. Sumu yangu ilimpata kila mtu isipokuwa yeye. Na hili ndilo somo lenyewe la makala hii, mengine yote yanalifuata: kabla hujafanya chochote, mtambue kwanza mwizi wako kwa alama anazoacha.

Tuanze na fuko. Alama yake ya kwanza ni kifusi cha udongo mbichi, laini, uliosukumwa juu kutoka chini. Ukikitazama kifusi hicho huoni mlango, kwa maana fuko huziba nyuma yake. Alama ya pili ni mmea unaonyauka ukiwa umesimama, majani yake mazima, mizizi haipo. Wakati mwingine mmea mzima huvutwa chini mchana kweupe. Nyanya alikuwa ameona jambo hilo kwa macho yake, ndiyo maana akasema karoti zinamezwa na ardhi, nami nikamdhania anatania.

Panya wa shamba naye huacha mashimo yaliyo wazi, madogo, ukingo wake laini kwa sababu ya kupitapita. Kati ya shimo na shimo utaona kijia chembamba ndani ya nyasi. Utaona kinyesi kama punje za mchele mweusi. Karoti iliyoliwa na panya huliwa kuanzia juu, kwenye bega lililojitokeza nje ya udongo, na ina alama za meno mawili mawili. Minji na mahindi yaliyopandwa jana hufukuliwa usiku, maganda yakaachwa hapo hapo. 

Na ukikuta mche umekatwa shinani, umelala kando, haukuliwa, na hakuna kinyesi wala shimo, usimlaumu panya. Chimba kidogo kwa kidole hapo shinani. Utamkuta kiwavi amejikunja kama pete. Huyo ni kiwavi mkataji, wengine humwita sota. Nusu ya miche ya Nyanya niliyosema imekatwa na panya ilikuwa kazi yake. Ukiokota viwavi hao kwa mkono asubuhi na mapema umemaliza.

Sasa tumtazame fuko huyu kwa makini, maana tabia yake ndiyo inayomfungisha. Fuko wa nyanda zetu za juu si yule mnyama asiye na manyoya tunayemsoma katika Baiolojia, anayeishi kwa makundi pamoja na malkia wake. Huyo ni wa sehemu kame, kama vile Isiolo na Samburu. Wetu ana manyoya mengi, macho madogo sana, na meno ya mbele ya rangi ya machungwa yanayotokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Kwa meno hayo huchimba. Huishi peke yake. Kila fuko ana mtandao wake wa njia na chumba chake cha kulala na kuweka akiba. Jike huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa wakati mmoja, baada ya kubeba mimba kwa muda unaokaribia siku 40.

Hesabu hiyo ndiyo yenye faida kwetu. Ikiwa mashimo ya sehemu moja yana fuko mmoja, na fuko huzaa kidogo, basi kumnasa huyo mmoja ni ushindi wa kweli. Mzee alinasa watatu tu katika robo ekari yote, na karoti zikapumzika kwa miezi kadhaa.

Mtego wake ni huu. Alichagua kifusi kibichi kuliko vyote, akakifukua kwa panga mpaka akaikuta njia, upana wake kama ngumi. Akasugua mikono yake kwa udongo wa pale pale. Halafu akaweka ndani ya njia kitanzi cha waya kilichoenea sawasawa kwenye kuta zake, umbali wa shibiri moja kutoka mlangoni. Waya ule ukapanda juu kupitia ufa mdogo, akaufunga kwenye fito refu la kunyumbuka lililochomekwa ardhini na kupindwa kama upinde. Kitu pekee kilichozuia fito lisifyatuke ni kamba nyembamba ya katani iliyopita katikati ya njia, kati ya kitanzi na mlango. Mwisho akafunika mlango kwa majani na bonge la udongo, lakini si kabisa. Akaacha upenyo wa mwanga na upepo.

"Ye' hapendi mlango wazi," mzee akasema. "Atakuja kuziba."

Na kweli. Fuko akisikia upepo huja akisukuma udongo ili azibe. Kichwa chake hupita ndani ya kitanzi bila yeye kujua, kisha hukutana na kamba imemkatalia njia. Huikata kwa meno. Fito hufyatuka juu, na kitanzi humbana kwenye dari ya njia yake. Wa kwanza aliingia kabla ya jua kutua. Nilimwangalia nikamwonea huruma kidogo, robo kilo hivi ya manyoya laini. Lakini alikuwa amekula karo ya watu.

Nilipewa nafasi ya kutega wa nne. Sikunasa kitu, kwa sababu kitanzi changu kilikuwa kidogo na fuko akakisukuma pamoja na udongo. Kazi hii inataka mazoezi, nawaambia ukweli. Kama hamna mtegaji kijijini kwenu, fanyeni alivyofanya Nyanya kwa sukumawiki yake: alihamia kwenye magunia. Gunia hujazwa udongo na mbolea, katikati kukapangwa mawe ya kupitishia maji, miche ikapandwa juu na ubavuni. Chini ya gunia tandika kipande cha wavu wa waya, ule mgumu wa kuanikia kahawa, na fuko atagonga kichwa bure. Kwa karoti wavu chini ya tuta ungefaa pia, ila ni ghali, na mimi sijaona mtu aliyeuweka kwa robo ekari nzima.

Watu wengine watakuambia panda utupa kuzunguka shamba, ati fuko huchukia mizizi yake. Jirani yetu ameupanda. Vifusi vimesogea hatua mbili upande wa ndani, basi. Isitoshe, utupa ndio mmea ambao wavuvi wa zamani waliuponda wakautia majini ili samaki walewe. Ni sumu pia, hata kama inaota yenyewe, na karibu na mto au kidimbwi cha samaki si kitu cha kuchezea.

Turudi kwa panya, maana nao walikuwepo, hasa kwenye minji na ghalani. Na hapa hesabu inageuka kabisa. Panya wa shamba wa kawaida Afrika Mashariki hubeba mimba siku 23 tu, na kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo. Ukiua ishirini wiki hii, umewapunguzia wengine msongamano tu. Kwa hiyo mbinu ya fuko, ya kumnasa mmoja ukapumzika, kwa panya haifai. Panya lazima umharibie makazi.

Mwalimu wetu wa Baiolojia, nilipomsimulia haya muhula ulipofunguliwa, alinieleza kwamba panya ana adui wengi na anaijua hofu hiyo. Hapendi kuvuka mahali palipo wazi. Basi tulifyeka nyasi zote kuzunguka bustani upana wa mita tatu, tukaondoa rundo la mabua lililokuwa limeegemezwa uani, na zile mbao za zamani ambazo kila mtu nyumbani alisema "zitatumika siku moja." Chini ya mbao tulikuta viota vinne. Viazi vilivyooza havikuachwa tena shambani. Chakula cha kuku kikaondolewa jioni. Ghala likainuliwa juu ya nguzo kimo cha mita moja, na kila nguzo ikavishwa bati lililokunjwa kama faneli, mdomo ukitazama chini, ili panya akipanda afike hapo ateleze. Kitalu kikafunikwa kwa fremu ya mbao yenye wavu wa matundu madogo, yasiyozidi upana wa kidole kidogo. Wavu wa kuku haufai. Panya hupita humo kama mwanafunzi anayepita dirishani kwenda sinema. (Walimu, nasema mfano tu.)

Hayo yakifanyika ndipo mtego unapokuwa na maana. Sisi tulitumia ndoo. Chukua ndoo ndefu, tia maji mpaka theluthi moja. Toboa mkebe mtupu pande zote mbili katikati, pitisha waya mgumu, ulaze waya juu ya mdomo wa ndoo ili mkebe uzunguke wenyewe. Paka mkebe siagi ya njugu. Egemeza kipande cha ubao kama ngazi. Panya hupanda, huukanyaga mkebe, mkebe huzunguka, naye hutumbukia. Uzuri wake ni kwamba hujitega upya wenyewe usiku kucha. Tulipata saba usiku wa kwanza, wanne wa pili, halafu mmoja mmoja. Kama una mtoto mdogo nyumbani, weka ndoo hiyo mahali asipofika na uimwage mapema asubuhi, kwa maana mtoto anaweza kuzama hata kwenye maji machache. Mimi sasa sihitaji kukumbushwa habari za watoto.

Jambo jingine: usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mzike, unawe kwa sabuni. Mkojo wa panya hueneza ugonjwa ambao wenzetu wa Tanzania huuita homa ya mgunda. Mwaka wa 2022 uliwaua watu mkoani Lindi. Jina hilo nimelipenda kwa sababu mgunda ni shamba, na ugonjwa huu huwapata sana watu wa shambani. Osheni pia mboga zenu, hata zile za bustani yenu wenyewe.

Nilimwuliza mwalimu kuhusu ule unga mweusi. Alisema hawezi kujua bila kuupima, ila dawa nyingi za rangi hiyo, zikikutana na asidi ya tumboni, hutoa gesi ya sumu, na hakuna dawa maalum ya kuiondoa. Kuna nyingine huzuia damu kuganda, na panya aliyeila huzurura siku kadhaa kabla ya kufa, amelegea, rahisi kukamatwa. Ni nani humkamata? Paka, mbwa, na bundi. Kwa hiyo unawaua kwanza wale waliokuwa wakikufanyia kazi bure. Paka akiondoka panya hutawala, na mimi ndiye niliyemwondoa paka.

Halafu mwalimu akatoa mezani kitu kama kidonge kikubwa cha manyoya makavu, alichokiokota chini ya mnara wa maji wa shule. Bundi humeza panya mzima, na mifupa na manyoya asiyoweza kuyasaga huyatapika yakiwa yameshikana hivyo. Tukakifungua kwa sindano. Ndani ya kidonge kimoja tulihesabu mafuvu matatu ya panya, meno yao bado ya manjano. Kidonge kimoja tu! Darasa zima likanyamaza, hata wale wa nyuma.

Basi likizo iliyofuata nikampelekea Nyanya paka mchanga ndani ya katoni, na kisanduku cha mbao nilichokitengeneza katika karakana ya shule, chenye mlango wa duara, kwa ajili ya bundi. Paka alimpokea kwa mikono miwili. Kisanduku alikitazama muda mrefu.

"Bundi akilia kwa mtu, huwa ameleta habari gani?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya mafuvu matatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akaniambia niende nikakipigilie kisanduku changu kwenye mkalitusi wa jirani, kule kwenye mpaka, mlango uelekee upande wa jirani. Ndipo kilipo mpaka leo. Karoti alizovuna mara hiyo zilijaza magunia manne, na bundi bado hajaja.